Hatua ya Sita ya Shangazi

Kiwandani walimwita Shangazi, na hata meneja, mtu mwenye mvi kichwa kizima na wajukuu wanne, alimwita hivyo hivyo bila kuona haya. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote mle ndani. Jina alilipata kwa kukaa tu: miaka ishirini na sita kwenye meza namba tatu, akiunganisha pampu za maji. Pampu alizozitoa mikononi mwake ni nyingi kiasi kwamba zingeamua siku moja kuja kumsalimia nyumbani, mumewe angelazimika kuhama.

Mezani kwake palikuwa na kikopo cha grisi, spana mbili zenye mpini uliochakaa na visanduku kumi na kimoja vya vipuri, alivyovipanga kwa mpango anaoujua yeye. Mtu akikisogeza kimoja, hata kwa unene wa kidole, Shangazi alijua kabla hajakaa vizuri.

"Nani kanigusia watoto wangu?" angeuliza, na mhusika angeanza kutazama dari.

Sasa lisemwe lile ambalo mwenyewe hakulisema kwa miaka minne. Macho yake ya karibu yalikuwa yamekwisha. Ya mbali yalikuwa mazima kabisa. Akiwa mezani kwake aliweza kusoma tangazo la ukuta wa pili na kumwona msimamizi akipiga miayo kule mlangoni. Lakini kitu kikishafika ndani ya urefu wa mkono kiligeuka ukungu. Pampu aliziunga ndani ya ukungu huo, kwa vidole na kwa mazoea, na zilitoka safi. Karatasi za zamu alimpa jirani yake wa meza namba nne amsomee, kila asubuhi, kwa kisingizio kwamba mikono yake ina grisi. Saa moja na nusu asubuhi, kazi haijaanza, grisi imetoka wapi? Jirani hakuuliza. Alisoma tu.

Sababu za kuficha zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa Fundi Mzee, aliyekuwa meza namba moja na ndiye aliyemfundisha Shangazi kushika spana. Macho yake yalipoanza kufifia, alikwenda mwenyewe ofisini akasema, kiungwana. Wiki iliyofuata alikuwa ufungashaji, anabandika utepe kwenye katoni. Sheria ya kiwanda ilikuwa fupi: asiyeona vizuri hakai kwenye meza ya kuunganishia.

Sababu ya pili ilikuwa nyumbani na ilikuwa na cherehani. Mumewe alikuwa fundi nguo aliyevaa miwani mizito tangu kabla ya harusi, na Shangazi alimbatiza Macho Manne tangu wiki ya kwanza ya ndoa. Alimwita hivyo mbele ya wateja, mbele ya mashemeji, hata siku ya msiba mmoja aliteleza akamwita. Mtu aliyemcheka mwenzake miaka thelathini anaingiaje kwa daktari wa macho? Bora afe na ukungu wake.

Tatizo moja tu lilimsumbua, nalo lilikuwa sili. Sili ni pete ya mpira inayokaa ndani ya pampu kuzuia maji yasivuje, na ina upande wake. Ukiiweka kichwa chini, pampu inalia maji kama mtoto. Sili za zamani zilikuwa nyeupe upande mmoja na nyeusi upande wa pili, kwa hiyo hata kwenye ukungu alizitambua. Miaka minne iliyopita zikaja mpya, nyeusi pande zote, zenye ukingo mwembamba ulioinuka upande wa juu tu. Vidole vya Shangazi vilikuwa vimeota sugu na havikuusikia ukingo huo. Mdomo uliusikia. Basi akawa anaipandisha sili usoni kama mtu anayefuta jasho, anaigusisha mdomo wa chini, mara moja, haraka, anaishusha na kuibandika mahali pake. Hakuna aliyewahi kumshtukia.

Mambo yalianza kwenda mrama siku alipokuja Injinia, binti mdogo mwenye sauti ya upole na begi limejaa nyaya. Aliuliza ni mafundi gani ambao pampu zao hazirudishwi kwa kuvuja. Akaonyeshwa watano, Shangazi akiwemo. Injinia akawarekodi mmoja mmoja bila kusema atatumia kazi ya nani; zamu ya Shangazi ilipofika akafunga kamera juu ya meza, ikitazama chini, akamwomba aunganishe pampu kumi kama kawaida yake.

"Uso hautaonekana?" Shangazi aliuliza.

"Hapana, Shangazi. Mikono tu."

"Basi ningekuja bila kujitengeneza," alisema, na akafanya kazi.

Miezi mitatu baadaye ikaja miwani. Haikuwa miwani ya kusomea. Ilikuwa mikubwa, myeusi, yenye kitaa kidogo pembeni, na ukiivaa uliona kiwanda kama kilivyo, lakini juu ya meza yako palitokea mikono mingine, ya hewani, inakuonyesha kazi hatua kwa hatua. Ukifuata sawasawa, kitaa kinakuwa kijani. Mikono yako ikienda tofauti au ikichelewa, kinakuwa chekundu na kulia pii. Msimamizi, ambaye wote walimwita Filimbi kwa sababu ya kile kidude kisichotoka shingoni mwake, aliwakusanya mafundi wote ishirini na wanne akawaeleza masharti. Wiki nzima watafanya kazi na miwani. Ijumaa mchana, watatu wenye pampu nyingi zinazovuja watahamia ufungashaji.

Shangazi aliigeuzageuza ile miwani mkononi. Miwani itamuumbua, alijua. Aliivaa akiwa amejikaza kisabuni, akisubiri ukungu.

Ukungu haukuja. Picha ya miwani ilitengenezwa ionekane kama iko hatua mbili tatu kutoka machoni, na hapo ndipo macho ya Shangazi yalipokuwa mazima. Pampu yake halisi ilibaki wingu la kijivu, lakini mikono ya hewani aliiona kila kucha, kila mkunjo. Ilikuwa miaka minne hajaona mikono ikifanya kazi juu ya meza yake. Alifurahi hadi akasahau kuanza kazi.

"Unaona vizuri, Shangazi?" Injinia aliuliza.

"Naona kama asubuhi," alijibu, na safari hii hakudanganya.

Kisha akakitazama kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa hewani. Kilikuwa kimepinda kwa nje. Akakipapasa cha kwake, kilichobanwa na kifuniko cha pampu katika mwaka wake wa pili kazini. Kumbe mwalimu wa kiwanda kizima ni yeye! Aliunganisha pampu ya kwanza akiwa ameivimbia meza kwa majivuno. Akafika hatua ya sita, hatua ya sili, na hapo mikono ya hewani ikaiokota sili, ikapanda juu, ikatoka nje ya picha, ikakaa huko kitambo kidogo, ikarudi.

Majivuno yalimwisha palepale.

Kufikia saa nne, ukumbi mzima ulikuwa unapandisha mikono. Hakuna aliyejua mikono ile inakwenda kufanya nini huko juu, lakini usipoipandisha kitaa kinalia pii, basi kila mtu alijitafutia lake. Kijana wa meza namba tisa aligusa kofia, kama mlinzi anayempigia bosi saluti. Wa meza kumi alijikuna sikio. Wa kumi na mbili alipiga miayo kila mara, akawaambukiza kumi na tatu na kumi na nne. Meza namba nne, yule jirani wa karatasi za zamu, binti ambaye kwa makali ya ulimi wake aliitwa Pilipili, yeye alijikuna pua.

"Injinia, samahani," Pilipili alisema. "Hii hatua ya sita ina faida gani? Pua yangu imeshachubuka."

"Mfumo umejifunza kwa fundi bora," Injinia alijibu kwa heshima zote. "Kama alifanya hivyo, ina maana yake."

"Labda alikuwa na chawa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Shangazi naye akacheka, kwa sauti kuliko wote, kwa sababu asingecheka wangemtazama.

Kicheko kiliishia kwenye tangi la majaribio. Kila pampu huzamishwa humo, hujazwa upepo, na ikitoa mapovu maana yake inavuja. Jumanne mapovu yalikuwa mengi. Jumatano tangi lilichemka kama sufuria. Karibu nusu ya pampu zilivuja, za kila meza, isipokuwa meza namba tatu.

"Shangazi hana hata moja!" Filimbi alitangaza. "Hata moja! Anafuata miwani. Nyinyi mnafuata nini?"

Mchana, watu walipokwenda kula, Shangazi alifungua pampu moja ya Pilipili iliyovuja. Akaitoa sili bila kuigeuza, akaigusisha mdomo. Kichwa chini. Akafungua nyingine: hivyo hivyo. Hapo akaelewa yote, na laiti asingeelewa. Zamani mafundi waliigeuza sili na kuitazama kabla ya kuibandika. Mikono ya hewani haikutazama chochote, maana mwenye mikono hiyo hakuwa na jicho la kutazamia. Miwani haikuwapa sekunde hata moja ya kutazama. Iliwapa sekunde za kujikuna pua.

Alijaribu njia ya mkato. Akamwinamia Pilipili akamnong'oneza, "Mwanangu, sili itazame kwanza."

"Nikiitazama nachelewa, inalia pii," Pilipili alinong'ona. "Nimejaribu. Pii tatu unaanza pampu upya. Kwani wewe unaitazama saa ngapi, Shangazi? Mbona sijawahi kukuona?"

Shangazi akajifanya anatafuta spana, nayo ilikuwa mkononi.

Jioni hiyo nyumbani alikuwa kimya, jambo ambalo mumewe hakulizoea. Fundi nguo aliacha cherehani, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Haya, toa."

Akamwambia yote: sili, mdomo, mikono ya hewani, yule binti. Alisubiri kicheko cha miaka thelathini. Alistahili, na alikuwa tayari kukipokea.

"Hayo ya macho nayajua," mume alisema. "Mwaka wa pili huu nakuwekea sukari kushoto na chumvi kulia, umedhani vikopo vinajipanga vyenyewe?"

Shangazi aligeuka akavitazama vile vikopo.

"Huyo binti ndiye anayekusomea karatasi za zamu?"

"Ndiye."

"Basi," alisema mumewe, akavaa miwani yake na kurudi kwenye cherehani. Na Shangazi alimchukia kidogo kwa neno hilo moja, kwa sababu baada yake hapakuwa na la kubishia.

Hata hivyo Alhamisi alikwenda kazini na hakusema. Tusimpambe. Alifungua kinywa mara tatu, na mara tatu alikumbuka dirisha la chumba cha ufungashaji na mgongo wa Fundi Mzee unaoonekana humo umeinamia katoni, akakifunga. Meza namba tatu ilikuwa maisha yake. Alipofiwa na mama yake alirudi mapema kazini kwa sababu pale mezani ndipo alipoweza kupumua. Apaache kwa ajili ya pete ya mpira?

Ijumaa saa sita Filimbi alisimama kando ya tangi na orodha yake. Pilipili alikuwa wa mwisho kabisa: pampu ishirini, kumi na mbili zinavuja.

"Kuanzia Jumatatu, ufungashaji," Filimbi alisema.

"Bosi, sikiliza. Sili zinaingia kichwa chini. Miwani haitupi muda wa kuzitazama."

"Shangazi anavaa miwani hiyo hiyo?"

"Ndiyo."

"Muda ni ule ule?"

"Ndiyo, lakini..."

"Anazitazama?"

Ulimi wa Pilipili uliochoma watu miaka mitano ulikosa la kusema. Kisha akageuka, na watu wote wakageuka naye, wakamtazama Shangazi.

Macho ya Pilipili aliyaona vizuri sana, maana yalikuwa mbali. Yalikuwa yamejaa machozi, na yalikuwa yanamwomba neno moja tu.

"Hasemi uongo," Shangazi alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, ikabidi arudie. "Huyu mtoto hasemi uongo. Ile mikono ya kwenye miwani ni yangu. Tazameni kidole."

Akakiinua kidole kidogo kilichopinda. Waliokuwa na miwani kichwani wakaishusha machoni, wakatazama mikono ya hewani, wakatazama ya Shangazi.

"Lo!" alisema yule wa saluti.

Injinia alisogea. "Shangazi, kule juu kwenye hatua ya sita. Mkono ulikuwa unakwenda wapi?"

Shangazi akachukua sili kutoka kwenye kisanduku, akaipandisha, akaigusisha mdomo wa chini, akaishusha.

"Nauliza mdomo upande upi ni wa juu."

"Kwa nini usitazame tu?"

Shangazi aliirudisha sili kisandukuni.

"Kwa sababu sioni. Mwaka wa nne sasa. Mbali naona, karibu sioni kitu."

Injinia alishika shavu. "Kwa nini hukusema, Shangazi wangu? Hii miwani ina nafasi ya kuweka lenzi. Tundu lake hili hapa! Ni kupima macho tu na kuingiza. Ungesema siku ya kwanza."

"Fundi Mzee alisema," Shangazi akajibu.

Hakusema kwa hasira. Lakini Filimbi, ambaye ndiye aliyesaini uhamisho wa Fundi Mzee, aliishika filimbi yake, akaiachia, akaishika tena. Mtu mzima alikosa pa kuweka mikono. Aliikunja ile orodha mara mbili, kisha mara nne, akaitia mfukoni. Akasema hakuna anayehama leo. Akasema Shangazi akapime macho, arudi na lenzi, aunganishe pampu kumi; zisipovuja, meza ni yake.

"Na zikivuja?" Pilipili aliuliza. Ulimi ulikuwa umerudi.

"Zikivuja tutajua la kufanya. Kwanza nyamaza, nakuhamisha kwa domo."

Mumewe aliomba kumsindikiza kwa daktari wa macho, na alivaa shati la kutokea. Shangazi alimkuta yuko tayari mlangoni saa nzima kabla ya wakati. Mbele ya daktari alisoma herufi za ukutani hadi mstari wa mwisho kwa mbwembwe. Alipopewa kadi ya kusoma kwa karibu alimrudishia. Waliporudi alikuwa na lenzi za kiwandani kwenye kibahasha, na miwani ya nyumbani puani.

"Mke wangu," fundi nguo alisema wakiwa njiani, na ilionekana maneno hayo aliyaandaa kwa miaka, "mawili yako, mawili ya nyumbani, mawili ya kiwandani. Hujambo, Macho Sita?"

Shangazi alimpiga kibao cha begani. Kisha alicheka mpaka akasimama.

Pampu kumi hazikuvuja hata moja. Fundi Mzee naye aliitwa, akaambiwa lenzi zipo na meza namba moja inamsubiri. Alishukuru sana, akakataa. Alisema kule kwenye katoni amezoea, hakuna pii wala filimbi, na akishamaliza idadi yake anapata kausingizi.

Jumatano Injinia alifunga tena kamera juu ya meza namba tatu, arekodi kazi upya. Ukumbi mzima ulisogea kutazama. Shangazi alianza. Bodi, shafti, beringi, grisi. Aliiona mikono yake, ile ya kweli, na ilimshangaza kwa uzee wake, lakini hakuwa na muda wa kuisikitikia. Akafika hatua ya sita. Akaokota sili. Mkono ukaanza kupanda wenyewe, akaurudisha. Akaigeuza kwenye mwanga ili aitazame, kama walivyokubaliana.

Akaitazama. Akaisogeza karibu zaidi.

Palikuwa na maandishi. Kando ya ule ukingo, nyeusi juu ya mpira mweusi, zilikuwa zimechapwa herufi tatu ndogo: JUU.

"Pilipili," aliita, bila kuinua kichwa. "Haya maandishi yamekuwepo tangu lini?"

"Maandishi gani? Hayo? Tangu zilipokuja, Shangazi. Miaka minne."

Miaka minne. Alipiga hesabu ya sili ngapi kwa siku, siku ngapi kwa mwaka, zote amezibusu moja moja kwa siri, na kila moja ilikuwa imeandikwa jibu. Mabega yakaanza kutikisika. Hakutaka kuharibu rekodi, akauma mdomo, ule ule wa chini. Haikusaidia.

Injinia alitaka warudie. Filimbi akasema iachwe ilivyo, ila muda wa hatua hiyo uongezwe. Kwa hiyo hadi leo, fundi mpya akivaa miwani na kufika hatua ya sita, anaiona mikono ya hewani inaigeuza sili kwenye mwanga, inatulia, halafu inatetemeka yote miwili. Wengi huogopa, huuliza kama nao watetemeke.

"Hapana," Pilipili huwaambia. "Wewe soma tu. Hapo Shangazi anacheka."